Mwanangu ni profesa wa sheria, na mimi mama yake nilitia dole karatasi ya kukiua kiwanja cha timu yake

Wakuu wa jukwaa hili, mjukuu wangu anayeniandikia ameniambia kwamba humu watu wote huitana wakuu. Sijui ukuu huo mmeupata wapi, lakini nimekubali. Mlionipa shikamoo, marahaba. Ambao hamjanipa, nasubiri.

Ninayoyasimulia yametokea mtaani kwetu, Kariakoo, mchana kweupe, mbele ya majirani. Baadhi yao wamo humu. Nikitia chumvi, wanisute.

Mjukuu nimemwagiza aandike kama ninavyosema, asipunguze neno, wala asiweke vile vikatuni vya kucheka.

Mwanangu wa kwanza, Kassim, ni profesa wa sheria. Nataka kwanza mjue jinsi mtu huyu anavyochosha.

Maprofesa wa watu wengine hurudi nyumbani wakaketi kitini wakaheshimika. Wa kwangu akishaswali alasiri huvua viatu vya chuoni kwenye baraza langu, akavaa raba, akatundika filimbi shingoni, na hamwoni tena mpaka magharibi.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kiwanja cha mchanga, kidogo, kimebanwa na maghorofa pande tatu. Ndicho kilichosalia katika eneo letu. Vingine vyote vimekuwa maduka. Hapo ana timu ya mpira ya wavulana na timu ya netiboli ya wasichana.

Kamba yangu ya kuanikia nguo si yangu tena. Nikitafuta kanga naipata chini ya jezi namba tisa. Nimewahi kufunua pipa la maji nikakuta mipira mitatu inaelea. Eti anatafuta inayovuja.

Siku aliyotambulishwa chuoni kuwa profesa, alipanda mbele ya wakubwa na suruali yenye chokaa ya kuchorea mistari ya uwanja. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya mbele. Niliiona chokaa kabla sijamwona yeye.

Timu ina katiba. Mmesikia vizuri. Katiba, yenye vifungu. Huyu huyu anayeniandikia aliwahi kufungiwa mechi mbili kwa kosa la kumjibu refa, na refa ni baba yake mzazi. Amenung'unika hapa nilipotaja hilo. Aandike tu.

Jumapili ndiyo mbaya zaidi. Watu hujaa barazani na karatasi zao: mikataba ya vyumba, barua za kazi, mambo ya mirathi. Hatozi kitu. Anachodai ni kimoja tu, kwamba karatasi isomwe kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya watu wawili, ndipo mwenyewe atie sahihi.

Na hata karatasi yetu ya maji huisoma hivyo hivyo, kama mtangazaji wa redio. Jirani yangu wa mlango wa pili, Bi Zuhura, anajua matumizi yangu ya maji kuliko ninavyoyajua mimi. Nimemkataza Kassim mara nyingi. Hujibu, "Nisamehe Mama, ni mazoea ya kazi."

Sasa nikiri jambo, maana bila hilo hamtaelewa kilichofuata.

Mimi sikupelekwa shule. Kurani niliihifadhi kwa kusikia. Niliolewa na karani wa reli, na watu wakadhani mke wa karani lazima amesoma. Sikuwasahihisha. Baadaye nikaitwa Mama Profesa, na hapo ndipo kusahihisha kukawa kugumu kabisa.

Kila asubuhi nilikaa barazani na miwani na gazeti. Nilitazama picha na kugeuza kurasa kwa utaratibu. Ikihitajika sahihi, nilisema presha inanitetemesha mkono, nikatia dole gumba. Miaka yote hiyo. Nyumbani walijua, na hakuna aliyefungua kinywa.

Turudi kwenye kisa.

Alhamisi moja nilikuwa uani na wanawake wenzangu tunachambua mchele wa hitma ya marehemu mume wangu. Mpira ukaruka ukuta, ukatua katikati ya ungo. Mchele wote chini, umechanganyika na mchanga.

Nilikuwa nimemwambia Kassim aweke wavu juu ya ule ukuta. Alinijibu kwamba suala hilo limo kwenye ajenda za kamati. Mama yake mzazi, kwenye ajenda.

Basi nimeinama naokota mchele, hasira imenifika hapa, mara akabisha hodi kijana mmoja dalali. Shati limenyooshwa, shikamoo yake ndefu, macho chini. Akasema wanakusanya majina ya wakazi wa zamani ili pale nyuma pasafishwe, pawe na utaratibu. Akasema, "Bibi, wewe ndiye mkubwa hapa. Usipoanza wewe, nani ataanza?"

Bi Zuhura akauliza kama si vizuri tumsubiri Profesa aje aisome.

Wakuu, neno hilo lilinichoma. Nikamjibu, "Nimezaa watoto saba, leo nimsubiri mmoja anifundishe karatasi?"

Nikavaa miwani. Nikaishika ile karatasi, nikaipitisha macho kutoka juu hadi chini, bila haraka, kama nifanyavyo na gazeti. Nikasema, "Haina neno." Nikatia dole.

Wanawake wote waliokuwa uani wakafuata. Anayejua kuandika jina aliandika, asiyejua alitia dole. Hawakuuliza. Mama Profesa amesoma, wao waulize nini?

Baada ya wiki moja karatasi ilibandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Ilisema sisi wakazi wa asili tunathibitisha kwamba nyuma ya nyumba zetu ni jalala lisilotumiwa na yeyote, na kwamba tumeridhia mfanyabiashara fulani ajenge hapo fremu za maduka. Jina la kwanza chini ya maneno hayo, na dole la kwanza, ni langu.

Kassim alirudi mapema siku hiyo. Akanawa miguu, akaketi mkekani mbele yangu.

"Mama, hili dole ni lako?"

"Ni langu."

"Nani aliisoma?"

Nikajifunga kanga upya. Naye akavuta sahani akala wali wake. Nilijiandaa kwa ugomvi, nilikuwa na majibu yangu, na yeye anakula. Hamjui jinsi mtu anavyoweza kukuudhi kwa kula.

Mkutano wa wakazi ulipangwa Jumamosi asubuhi, pale pale kiwanjani. Karatasi ikisimama, kiwanja kimekwisha.

Ijumaa akaja mwanangu wa pili, Idi, anayeuza vipuri vya magari mtaa wa Gerezani. Idi hakusoma sana lakini ana akili ya soko. Akasema jambo ni jepesi, Mama aseme dalali alimshika mkono kwa nguvu. Mzee wa umri huu, nani atambishia?

Mimi nililiona shauri zuri sana.

Kassim akasema, "Hakushikwa mkono. Mama, ukisema ulishikwa, nitasimama mimi nikukanushe."

"Utanikanusha mimi? Mbele ya mtaa?"

"Yule kijana ana makosa yake. Hilo si lake."

Idi akamwambia, "Basi kaka, si useme wewe ukweli wenyewe? Sema Mama hajui kusoma, karatasi inakufa hapo hapo. Wewe ndiye mwanasheria."

Kassim akatikisa kichwa. "Hilo ni la Mama. Mimi siligusi."

"Kwa hiyo kiwanja kiende?"

"Kama kitakwenda, kitakwenda."

Miaka ishirini na zaidi ya kuchora mistari kwa chokaa, na anasema kiende. Nilimwona mpumbavu. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa jina hilo hilo, na sikusema naye tena. Asubuhi alinipa shikamoo, nikaitikia huku nimeugeukia ukuta, maana shikamoo haikataliwi.

Jumamosi watu walijaa. Wachezaji walivaa jezi, wasichana upande mmoja, wavulana upande mwingine. Mwenyekiti wa mtaa akasema kwamba Profesa ni mwenye timu, hivyo atasikilizwa mwisho. Kassim akakubali, akaketi kwenye kiti cha plastiki, filimbi mkononi.

Bi Zuhura alisimama wa kwanza. Akasema wao hawakujua kilichoandikwa. Mwenyekiti akamuuliza kwa nini basi walitia sahihi. Akanitazama, akaketi.

Dalali akasimama. Wala hakuwa na haraka.

"Mwenyekiti, mimi sikumlaghai mtu. Mama Profesa alivaa miwani akaisoma mwenyewe mbele ya wenzake, mwanzo mpaka mwisho, akasema haina neno. Au tuambiwe mama wa profesa wa sheria hutia dole bila kusoma?"

Watu wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Labda miwani ya jua hiyo." Wakacheka tena.

Nilimtazama Kassim. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaizungusha kamba ya filimbi kwenye kidole, anaifungua, anaizungusha. Alikuwa hivyo hivyo utotoni akingoja kuchapwa. Nikajua hatasema. Kiwanja kingeondoka mbele ya macho yake, na asingesema.

Hasira niliyoipata hapo, wakuu, sijui hata ilikuwa ya nani.

Nikasimama. Nikavua miwani, nikampa Bi Zuhura anishikie.

Nikasema, "Kijana hajasema uongo. Niliishika karatasi na niliitazama. Lakini mimi sijui kusoma. Sijawahi kujua. Hata gazeti la asubuhi natazama picha. Mkono wangu hautetemeki, ni mzima. Nilisema haina neno kwa sababu niliona haya kusema nisomeeni, na wenzangu wakaniamini. Dole ni langu, ila maneno yaliyo juu yake siyajui."

Hakuna aliyecheka.

Nikamgeukia dalali. "Na wewe uliniambia ni ya kusafisha. Hilo nalo useme, kama mimi nilivyosema langu."

Alitazama viatu vyake. Akasema ndiyo, alitaja usafi. Kisha Bi Zuhura akasimama tena, na wale wa uani wakasimama mmoja mmoja, kila mmoja akasema hakusomewa. Mama mmoja, mke wa mwalimu, akasema kwamba hata yeye hajui kusoma. Nimemjua miaka thelathini. Sikuwahi kushuku, na yeye hakuwahi kunishuku mimi.

Mwenyekiti akasema karatasi ya watu wasiosomewa hawezi kuipeleka mbele. Akaikunja. Yule mfanyabiashara bado yupo na pesa zake zipo, labda atakuja na karatasi nyingine. Lakini hiyo ilikufa.

Mngedhani mwanangu angenikumbatia. Alisimama, akatoa katiba ya timu mfukoni, akanikumbusha kwamba mimi ni mlezi wa timu, akasoma kifungu cha kiongozi anayeweka kiwanja hatarini, kwa sauti, neno kwa neno, kisha akaninyooshea kadi ya njano. Mbele ya mtaa mzima. Watoto wakapiga makofi. Nilimwambia angojee arudi nyumbani.

Nyumbani nilimwekea chakula kwa kishindo. Nikamuuliza lini hasa aliianza hii tabia yake ya kusoma kila karatasi kwa sauti kama mwendawazimu.

Akasema, "Tangu ile barua ya timu ya vijana, Mama."

"Barua gani?"

"Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alikuwa safari ya reli. Ililetwa asubuhi, nikakuuliza ni ya nini, ukavaa miwani ukasema ni ya maji."

Akaniambia aliiona baadaye, imetandikwa chini ya kopo la iliki. Ilikuwa inamwita kwenye majaribio. Siku yenyewe ilikuwa imepita. Aliirudisha chini ya kopo, akapanga iliki juu yake.

Hakunilaumu, wala hakumwambia baba yake. Tangu siku hiyo akaanza kusoma kila karatasi iliyoingia nyumbani, hata ya wazi, hata isiyomhusu, ili nisilazimike kuuliza. Watu walipoanza kumjia barazani na karatasi zao, akaifanya kanuni ya wote, ili isionekane kuwa ni kwa ajili yangu.

Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa namwambia apunguze sauti.

Haya, somo. Somo langu ni neno moja, *nisomee*. Nimelisema kwa mara ya kwanza nikiwa na wajukuu kumi na mmoja. Ninyi mnaojua kusoma mna lenu mnaloliogopa kulisema. Litafuteni kabla watu wengine hawajatia dole nyuma yenu kwa kuwaamini.

Ila nina swali, na ndilo lililonileta. Ile barua sijamwomba radhi. Kila nikianza, anashika filimbi anatoka, na wavu wa ukutani hadi leo upo kwenye ajenda. Mama humwombaje radhi mwanawe wa miaka hamsini na kitu kwa jambo la utotoni, hasa mwana ambaye hatulii kitini?

Toeni maoni. Yote yatasomwa barazani, kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya watu wawili. Mwenye matusi ajue kwamba Bi Zuhura naye atakuwepo.