Baba Mkwe Alikiita Chuo cha Jikoni, Leo Binti Yake Anakihitaji

Admin, nifichie jina langu na la mume wangu, maana ndugu zetu wa Kyimo wanausoma ukurasa wako kuliko wanavyosoma Biblia. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, nimeolewa huku huku Rungwe. Nina hasira ambayo imeanza kunipa raha, na hilo ndilo linalonitisha.

Nianze na mila, mnielewe. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Akitokea njiani, wewe unaingia migombani mpaka apite. Akiongea, hujibu. Wengi wameshaiacha, hasa watu wa mjini, lakini baba mkwe wangu anaishika kwa mikono miwili, na tunaishi naye uwanja mmoja. Akiwa na neno na mimi anamtuma mume wangu.

Nilipoolewa nilikuwa na diploma ya ualimu. Nikapata nafasi ya shahada kwenye chuo kikubwa Dar, vile vyuo ambavyo ukivitaja watu wanakusogezea kiti. Kabla sijaondoka, mama mkwe akapooza upande mmoja. Wifi yangu, binti yao wa pekee, alikuwa bado anasoma bweni. Mume wangu alilia mbele yangu. Nikaiacha Dar, nikajiunga na chuo cha kusomea nyumbani, ambacho mitihani yake unakwenda kuifanyia Mbeya. Nilikuwa namgeuza mama kitandani, namlisha uji, kisha nafungua moduli zangu jikoni huku ndizi zikichemka.

Mzee akakipa chuo changu jina: chuo cha jikoni. Wageni wakija, anaweka kiti uani karibu na dirisha langu, anajua nimo ndani na mila imenifunga mdomo, halafu anapaza sauti. Anasema mwenye akili hukifuata chuo, asiye na akili chuo humfuata nyumbani. Wageni wanacheka. Mimi nakoroga sufuria huku machozi yananitoka, na mume wangu ananiambia mzoee tu, ndivyo alivyo. Nilipohitimu nilitumaini hata salamu. Nikamsikia anamwambia jirani kwamba siku hizi hata watoto wa chekechea wanavaa majoho.

Mama mkwe ndiye aliyelishika joho langu kwa ule mkono wake mzima, akalipapasa. Tulimzika mwaka uliofuata. Mzee hakuwahi kunishukuru kwa kumuuguza.

Wifi alipomaliza kidato cha sita akachaguliwa chuo kile kile nilichokiacha mimi. Mzee alichinja ng'ombe. Siku ya kuondoka wifi aliniaga akicheka, akaniambia, "Wifi, wewe ulisoma. Mimi ndiyo naenda chuo." Nilicheka naye, lakini neno lile nililitia moyoni.

Mwaka wa pili akarudi na ujauzito, na aliyempa mimba amezima simu. Chuo kilimruhusu kuahirisha masomo, lakini mtoto alikuwa mgonjwa mgonjwa, muda ukapita na nafasi ikapotea. Sasa anachuma chai kwenye shamba la baba yake, mtoto mgongoni. Njia iliyobaki ni ile ya kwangu. Mzee akamtuma mume wangu: nimwongoze wifi kufanya maombi ya chuo, na nikae na mtoto siku za mitihani.

Nikajibu kwamba nitamsaidia siku mzee atakapokuja kuniomba mwenyewe. Mume wangu alishika kichwa, akauliza kama nataka baba yake avunje mila. Nikamwambia mila haikumzuia kunitukana, basi isimzuie kuniomba. Usiku ule nililala usingizi mtamu.

Jumapili iliyopita baada ya ibada nilikuwa jikoni namenya ndizi. Nikasikia fimbo ya mzee uani. Alisimama amenipa mgongo, anaangalia migomba, akazungumza polepole.

"Mkamwana, chuo chako nilikidharau. Ulimuuguza mke wangu, mimi nikakucheka. Msaidie mwanangu. Ndaga fijo."

Hiyo ni asante sana kwa Kinyakyusa, na sijawahi kuisikia ikitoka kwake kuja kwangu. Akasubiri. Nilimwona kupitia dirishani, mabega yameshuka. Neno moja tu lingetosha. Mimi nikaendelea kumenya ndizi, na nikahakikisha anakisikia kisu. Si mila inasema mkamwana hajibu? Alisimama mpaka mvua ikaanza, na mvua ya huku haina huruma, akaondoka amelowa.

Sitawadanganya, nilifurahi. Nilitaka alowe vile vile.

Lakini jana nimetoka kazini nikamkuta wifi kwenye ngazi ya jiko langu. Ametoa moduli zangu za zamani kwenye kiroba, anasoma kwa midomo, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, mtoto amelala mgongoni. Hakuniona. Nilirudi nyuma taratibu nikapitia mlango wa mbele.

Maombi yanafungwa Ijumaa. Mume wangu haniongeleshi, na mzee haji tena uani. Akipita njiani, siku hizi yeye ndiye anayeingia migombani. Ndugu zangu mnaosoma, nipeni akili, nifanye nini? Nivunje mila nimjibu, au niendelee kuwa mkamwana mwenye adabu mpaka Ijumaa ipite?