Nil ya Tarehe Mbili Januari

Nianze na jambo nililokuwa nikijivunia. Siku ya mwisho ya Juni, mwisho wa kutangaza mapato kwa ofisi ya ushuru, watu wa Eldoret wanapopanga foleni nje ya saiba, vile vibanda vya intaneti, wakiwa wameshika vitambulisho na kuulizana nywila walizosahau, mimi huwa nimemaliza miezi sita kabla. Ritani yangu ya ushuru huipeleka tarehe mbili Januari, asubuhi. Ningependa tarehe moja, lakini mwaka mmoja nilijaribu mtandao ukakwama, nikashinda sikukuu nzima nikitetemeka.

Kwa miaka minne ritani hiyo ilikuwa rahisi. Sikuwa na kazi ya kuandikwa, kwa hiyo nilibonyeza nil, yaani sikupata mshahara wowote. Nilichapisha risiti nikaitia katika mfuko wake wa plastiki ndani ya faili langu jeusi, ambalo karatasi zake nimezipanga kwa ukubwa, na kila karatasi ina tarehe niliyoiandika kwa penseli, pembeni, juu kulia.

Mwaka huu nilifanya vilevile. Tarehe mbili Januari sikuwa na kazi. Kompyuta iliniuliza, nikasema ukweli. Taabu yote ilianzia hapo. Ilinichukua wiki nzima ya mwezi wa tano kuielewa, na hata sasa nikimweleza mtu naona macho yake yakianza kutafuta mlango.

Chuo kimoja hapa mjini kilitangaza nafasi ya msaidizi wa maktaba. Niliishia kidato cha nne. Kuchapa nilijifunza kwa kompyuta kuukuu ya kanisa, na namna ya kupanga vitabu kwa namba niliisoma mwenyewe kwenye simu, nikaifanyia mazoezi kwa vitabu vyangu thelathini na moja hadi jirani yangu hapa Langas akaniuliza kama nauza. Sina diploma. Kwa hiyo niliamini, na bado naamini kidogo, kwamba mtu asiye na diploma lazima karatasi zake nyingine zote ziwe safi kabisa. Tangazo lilitaka karatasi saba. Ya saba ilikuwa cheti cha ofisi ya ushuru, cha kuonyesha kwamba huna kasoro nao. Mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana.

Jumatatu niliketi niombe cheti. Kabla ya kukufungulia, tovuti hukupa hesabu ndogo uthibitishe kwamba wewe ni mtu. Hamsini na tatu toa kumi na nane. Nilipata thelathini na tano, kisha nikaitafuta tena kwa kikokotoo, kwa sababu niliona ingekuwa aibu kukataliwa mlangoni. Nikaomba cheti. Baada ya saa mbili jibu likaja: ombi limekataliwa, ritani yako hailingani na taarifa za mwajiri.

Mwajiri gani? Niliusoma ujumbe huo mara kumi na moja.

Nikaenda saiba. Jamaa mwenye saiba ni kijana mchangamfu anayejaza ritani za mtaa mzima huku akinywa chai. Alitazama skrini kwa sekunde tatu.

"Siste, hii ni ndogo. Tunaweka nil."

"Lakini nil ndiyo imekataliwa."

"Basi tunaweka nil ingine."

"Itakuwa tofauti na ya kwanza?"

"Itakuwa mpya," akasema, kwa uhakika ambao ningelipa kuupata.

Nilikataa. Jumanne asubuhi nikawa kwenye ofisi ya ushuru mjini, na faili langu kifuani. Afisa niliyempata alikuwa mama wa makamo mwenye sweta ya kijani, na mbele yake kulikuwa na foleni ya watu waliobeba bahasha kama wagonjwa waliobeba picha za eksirei. Alifungua rekodi yangu.

"Madam, wewe uliambia kompyuta huna kazi."

"Sikuwa na kazi."

"Lini?"

"Januari. Nilipojaza."

"Januari gani?"

Nilitaka kujibu lakini sikujua ni kitu gani anachouliza. Januari ni Januari. Mzee aliyekuwa nyuma yangu alikohoa.

"Sikiliza," afisa akasema, akiigeuza kompyuta upande wangu. "Hii fomu haiulizi leo uko aje. Inauliza mwaka uliopita ulikuwa aje. Mwaka uliopita, kuanzia Januari hadi Julai, kuna mtu aliandika kwamba anakulipa. Wewe umesema hakuna."

Miaka minne nilikuwa nikijibu swali ambalo halikuulizwa, na kwa bahati tu majibu yakafanana. Nilifanya kazi miezi saba kwenye ghala la chakula cha mifugo, nikaacha mwezi wa saba. Tarehe mbili Januari niliamka sina kazi, nikasema sina kazi. Hakuna mahali nilipodanganya. Na bado karatasi yangu ilikuwa ya uongo.

"Sasa nifanye nini?"

"Ulete P9 kutoka kwa huyo mwajiri, fomu ya mshahara wa mwaka. Ujaze ritani ya marekebisho. Sisi tutaiangalia, tukiidhinisha utapata cheti."

"Mtaiangalia siku ngapi?"

"Tutaiangalia," akasema kwa upole, akamwita mzee.

Hapa lazima nikiri jambo. Ghala lile niliacha vibaya. Siku moja nilikosea lebo, mfugaji wa ng'ombe akapelekewa magunia matatu ya chakula cha kuku. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyejua ni mimi. Lakini mimi nilijua. Wiki mbili sikula vizuri, halafu Jumamosi nikatuma ujumbe kwamba siji tena. Sikuaga mtu. Tangu siku hiyo, nikienda Kapsoya, nilikuwa nashuka kituo kimoja mbele ili nisipite mlango wao.

Jumatano nilipita mlango wao. Mhasibu, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliinua kichwa.

"Kumbe uko hai! Sisi tulisema umeolewa Uganda."

"Hapana, Mzee. Nimekuja kuomba P9."

Alifungua droo, akatoa bahasha yenye jina langu, na chini yake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: haijulikani aliko.

"Iko hapa tangu mwezi wa pili. Sasa tuambie, ulitoroka nini?"

Nikamwambia. Lebo, magunia, wiki mbili.

"Yule mzee wa ng'ombe? Alirudi akachukua ya ng'ombe. Ya kuku akabaki nayo, akalipia. Alisema kuku wake walikuwa wanalia." Akacheka hadi miwani ikateleza. "Ndiyo ukaacha kazi? Kwa kuku kushiba?"

Nilisaini daftari lake na kuondoka, na nilipofika barabarani sikujua kama najihisi mwepesi au mjinga.

Mchana huo mama yangu alikuja kutoka Timboroa, amebeba viazi na kabichi na koti lake zito ambalo kule kwao kwa baridi halivuliwi. Alinikuta nimetandaza karatasi kitandani. Nilimweleza kila kitu tangu mwanzo, kwa utaratibu. Mama huuza maziwa kwa ushirika, na husikiliza kama mtu anayepima kama maziwa yameongezwa maji.

"Ngoja," akasema. "Hawa watu wanajua ulifanya hiyo kazi?"

"Wanajua."

"Na wanajua ulilipwa ngapi?"

"Wanajua. Ghala huwapelekea kila mwezi."

"Sasa wanakuuliza nini?"

"Nafikiri wanataka kujua kama mimi pia najua."

Mama alivua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena, jambo analofanya akiona upuuzi. Akatoa kwenye mkoba karatasi yake ya ushirika ya mwisho wa mwezi, iliyokunjwa mara nne.

"Ona. Wameandika lita zangu. Wameandika walichokata, dawa, chumvi ya ng'ombe. Mimi naangalia kama lita ni zangu. Kama si zangu, nakataa kabla ya tarehe tano. Kama ni zangu, naweka sahihi. Naenda nyumbani. Serikali ishindwe na watu wa maziwa?"

Nilishika karatasi ile kwa muda mrefu. Ilikuwa na doa la chai na mikunjo isiyolingana, na ilikuwa fomu nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Kwa nini wasiniandikie mimi hivyo? Tunajua ulifanya kazi ghalani miezi saba, tunajua ulilipwa hivi, ni kweli au si kweli? Ningesema ni kweli. Au wasinitafute kabisa, kama mwajiri ameshasema na hakuna kingine cha kusema. Labda kuna sababu. Wako watu wenye nyumba za kupangisha, mashamba, mambo mengi ambayo hakuna mtu wa kuyaandika ila wao wenyewe. Lakini mimi nilikuwa na mwajiri mmoja na vitabu thelathini na moja.

Alhamisi nilijaza ritani ya marekebisho. Ni jedwali refu unalolijaza kwenye kompyuta, kisha unabonyeza kitufe cha kuhakiki. Nilipobonyeza, ilitoka orodha ya makosa kumi na tisa, kwa rangi nyekundu. Nilikaribia kulia pale saiba. Jamaa akaja na kikombe chake, akainama.

"Siste, hapa kwa gari uliyopewa na kampuni umeandika nini?"

"Hakuna."

"Na hapa kwa mkopo wa nyumba?"

"Hakuna."

"Na kwa bwanako?"

"Hakuna."

"Ndiyo! Inataka namba, wewe unaipa maneno. Kama hauna kitu, wacha wazi."

"Shuleni tuliambiwa tusiache nafasi."

"Hii si shule. Futa."

Nilifuta moja moja, kumi na tisa, na kila nilipofuta nilihisi ninaacha mlango bila kufuli. Nikabonyeza tena. Jedwali likakubali. Likapiga hesabu ya mwisho, na pale chini, kwenye ushuru ninaopaswa kulipa, likaandika sufuri. Mshahara wangu ulikuwa mdogo mno kutozwa.

Nilimgeukia jamaa. "Ni sufuri."

"Si nilikuambia? Nil."

"Siyo nil. Ni sufuri."

"Haya," akasema, na kurudi kwenye chai yake. Nadhani ninajua tofauti. Ya kwanza inasema sikupata chochote, ya pili inasema nilipata na hakuna wanachonidai. Lakini ukinishtua usingizini, sina hakika.

Baada ya kutuma, tovuti iliniuliza maoni yangu. Niliandika habari yote ya mama na karatasi ya maziwa. Kisanduku kikakataa, maneno ni mengi. Nikapunguza. Kikakataa. Mwishowe nikabaki na haya: Niandikieni mnachojua, nisaini. Hapo kikakubali na kunishukuru.

Ijumaa, saa tano unusu, cheti hakikuwa kimekuja. Ritani yangu ilikuwa inasubiri kuidhinishwa. Nilisimama nje ya lango la chuo nikitazama faili langu, mifuko sita iliyojaa na wa saba mtupu, na nafsi yangu yote ikiniambia nirudi nyumbani, niombe mwakani nikiwa kamili. Ni vile tu nilivyofanya ghalani. Nililijua hilo pale pale langoni, kwa sababu nilikumbuka kuku. Nikachana karatasi kwenye daftari, nikaandika kwa kalamu, bila kunakili mara ya pili: Cheti hakijatoka. Nilikosea Januari. Nimesharekebisha, risiti nimeambatisha. Nikaiingiza kwenye mfuko wa saba.

Karani wa chuo alipekua hadi mwisho, akasoma.

"Wewe pia uliweka nil?"

"Niliweka."

"Mko wengi leo," akasema, na kando ya jina langu akaandika: kinakuja.

Kilikuja Jumanne iliyofuata, bila maelezo. Nilikipeleka, nikaitwa kwenye mahojiano. Hakuna aliyeuliza habari ya ushuru. Waliuliza kwa nini niliacha ghala, nikawaambia, na mmoja wao akacheka kama yule mhasibu wa ghala. Nilianza kazi mwezi wa nane. Wiki ya kwanza mhasibu wa chuo alikuja maktaba kuchukua namba yangu ya ushuru.

"P9 yako utapata Januari," akasema.

"Januari gani?"

Akanitazama kama anayeona amekosea chumba. "Hii inayokuja," akasema polepole. Nikamwomba asubiri kidogo, nikaandika kwa penseli: Januari inayokuja, kuhusu mwaka huu.