Waliponiletea Mganga kwa Sababu ya Kitabu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Mimi niliishia darasa la tatu, sitawapambia maneno. Nataka mjue nilivyokuwa msomaji, na jinsi kusoma kulivyokaribia kuniponza.

Shuleni kwetu, huku Handeni, kusoma kulikuwa kwa sauti. Kitabu kimoja watoto tunabanana, mwalimu anatangulia, sisi tunafuatisha. Basi mimi nilijua kusoma ni kazi ya mdomo, macho yanaongoza tu. Hata nyumbani nilisoma hivyo hivyo. Chumvi ikija imefungwa kwa gazeti, mama anamimina chumvi, mimi nagombania gazeti. Habari ikikatika pale lilipochanwa naumia kama nimenyang'anywa ugali.

Nilipovunja ungo nikatolewa shule, nikawekwa ndani. Mwali wa zamani si wa siku mbili tatu kama hawa wenu wa kupigwa picha. Alifungiwa. Haoni jua, haonwi na mwanamume, hata baba yake. Hapazi sauti. Kazi yake kusuka ukili na kufundwa. Mimi nilifungiwa Kwamsisi, nyumbani kwa shangazi yangu, dada wa baba, na yeye ndiye aliyenisimamia. Mchumba alikuwa ameshapatikana, watu wa Mnyuzi kule Korogwe.

Rafiki yangu wa shule, binti wa mkata mkonge, aliruhusiwa kuniletea ukindu wa kusukia. Siku moja katikati ya mzigo nikakuta kitabu. Hakina jalada, kurasa za mwanzo zimekwenda. Kilikuwa hadithi ya mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, naye akakataa kunyamaza, akaenda kulidai mbele ya wazee. Ukuta ulikuwa umebanduka udongo mahali pamoja, mwanga unaingia kidogo. Hapo ndipo niliposomea, mkeka wangu mapajani. Nikawa nampa kila mtu sauti yake: mjane sauti nyembamba, shemeji sauti nzito.

Shangazi akasikia.

"Unaongea na nani humo?"

"Siongei na mtu, shangazi."

"Huongei na mtu, na mimi nimemsikia mwanamume anatukana?"

Akaingia, akapekua pembe zote. Kitabu nilikuwa nimekikalia. Alipokosa mwanamume hakufurahi, aliogopa zaidi. Maana kama hakuna mtu na sauti ipo, kwetu jibu lilikuwa moja tu. Akamtumia mama habari: mtoto ameingiliwa na pepo.

Sasa mwelewe nilichokuwa nacho mkononi. Nikitangazwa nina pepo, nitapungwa kwa ngoma, mchumba atajitoa, na tangu siku hiyo jina langu litakuwa yule mwenye pepo. Nikisema kweli, kitabu kitachomwa na sitagusa tena karatasi. Nikakaa nayo hayo mawili kifuani mpaka kulipokucha.

Asubuhi akaja mganga, mwanamke mnene, mpole wa sauti. Nikafunikwa kaniki, chetezo cha ubani kikawekwa miguuni pangu. Mama yupo, shangazi yupo, na majirani wanawake wamejaa mlangoni.

"Karibu mgeni wetu," mganga akasema, hasemi na mimi, anasema na aliye ndani yangu. "Jitaje. Umeshuka milima ya Bungu au umepanda kutoka pwani?"

Moshi ulikuwa unanikaba. Nikasema, "Hakuna mgeni. Ni mimi. Nilikuwa nasoma."

"Wote husema hivyo," akajibu, bila hata kukasirika.

Mlangoni wakaangua kicheko. "Huyo ni pepo wa shule! Muulize anataka darasa la ngapi!"

Nikaona nikiendelea kukana nazidi kujifunga. Nikavuta kitabu chini ya mkeka, nikafunua kaniki usoni, nikasoma. Nilisoma pale mjane anaposimama mbele ya wazee na kuonyesha mashimo ya kupandia aliyochimba kwa mkono wake. Sikukosea hata neno. Nilipomaliza hakuna aliyecheka.

Shangazi akasema polepole, "Mwanetu kaishia la tatu. Mtoto wa la tatu hasomi hivi. Huyu anayesoma siye yeye."

Jamani! Kumbe kusoma vizuri ndiko kulikonimaliza. Mganga akageukia vitu vyake, akaagiza ngoma ziletwe. Nikamtazama mama. Mama hakujua hata irabu. Akachukua kitabu mkononi mwangu, kidole chake akakiweka palepale nilipokuwa nimeweka changu nilipoanza, akatoka nacho uani.

Baba alikuwa amefuatana na mama, ameketi huko nje, haruhusiwi kuingia. Alijifunza herufi kwenye kisomo cha watu wazima, alipokuwa kibarua mkongeni, na alisoma kama mtu anayevuka matope. Tukamsikia ukutani. "M-ja-ne... a-ka-si-ma-ma..." Anasimama, anarudi nyuma, anaanza upya. Akiruka mstari, nimekwisha. Akichoka akasema sioni vizuri, nimekwisha. Wanawake wametega masikio, mganga kashika kiuno. Alipofika kwenye mashimo, jirani mmoja akapiga makofi. "Ni yayo hayo! Neno kwa neno!"

Baba akasema kutoka nje, "Dada, humo hamna pepo. Mna mtoto anayesoma."

Mganga akakusanya chetezo chake. Kuku aliyeandaliwa akamchukua pia, hakumwacha. Shangazi hakuomba radhi, alisema tu, "Mwali hafundwi na karatasi. Kichomwe hicho." Baba akakitia mfukoni mwa koti akaondoka nacho. Sikukiona tena, na sikuthubutu kukiuliza. Mpaka leo sijui kama mjane yule alipata shamba lake.

Nikaolewa Mnyuzi. Lakini maneno hutangulia bibi harusi. Mama mkwe alikuwa amesikia, akawa anasimama mlangoni kwangu kunisikiliza. Nikajizoeza kusoma mdomo umefungwa, nimeuma kipande cha ukindu midomo isicheze. Ilikuwa kazi ngumu kuliko jembe. Kisomo cha akina mama kilipofika kijijini, mwalimu akaniambia, "Mama, tusomee." Nikasimama. Maneno yote nayaona, mdomo hauendi. Wenzangu wakadhani sijui, nikaketi. Niliwasomea watoto wangu vivyo hivyo, kimya, nawaonyesha kwa kidole, wasijue hata sauti yangu ya kusomea ikoje.

Mama mkwe alipotangulia mbele ya haki, nyumba ikawa mkononi mwangu. Matanga yalipoanuliwa nikawaita wote, watoto, wakwe, hata msichana wa kazi, nikawaambia: "Humu ndani, anayesoma asome kwa sauti, mlango wazi. Asiyejua akae karibu asikilize. Na atakayesikia sauti asiyoielewa, aingie aulize kinasomwa nini kabla hajamwita mtu."