Chupa Iliyolala Kando ya Viazi

Mama alipika miaka kumi na miwili katika nyumba ya mama mmoja Mfaransa pale mtaa wa Muthangari. Ukoo wa mwajiri wake ulikuwa na shamba la mizabibu karibu na Bordeaux, na mvinyo mwekundu wa shamba hilo uliletwa mezani kila walipofika wageni wa heshima. Mama aliumimina, hakuwahi kuuonja. Alichokumbuka ni kwamba wageni, hata wale wasemaji, walinyamaza kidogo baada ya funda la kwanza.

"Walikuwa wananyamazia nini?" aliniuliza mara nyingi. Nilikuwa mhudumu wa hoteli katikati ya jiji, akadhani najua.

Mwajiri alipohama alimwachia picha ya shamba na chupa moja. Alimwagiza ailaze gizani, penye baridi, asiifungue kabla ya miaka kumi. Mama akailaza stoo, kando ya gunia la viazi. Dada yake, mama yangu mkubwa, hakukosa neno kila alipotutembelea: "Bado mnalea hiyo siki?"

Miaka kumi ilitimia. Mama akachagua Jumapili, nami nikaisimamisha chupa tangu Ijumaa. Mvinyo uliokomaa huwa na mashapo, unga mchungu wa zabibu. Chupa ikisimama, unga hutua chini, na ukimimina polepole unabaki humo.

Tuliporudi kutoka kanisani, mama mkubwa alikuwa ametangulia jikoni, akiitikisa chupa kwa nguvu zote.

"Mama mkubwa, unafanya nini?"

"Nachanganya. Nzito ilikuwa imekaa chini. Kwani huko hotelini maziwa ya mala mnamimina bila kutikisa?"

Mama aliishika chupa akaielekeza dirishani. Ndani kulivurugika kama mto baada ya mvua.

"Imeharibika?" aliniuliza taratibu.

"Imechafuka tu. Tuipe muda."

Tukala mukimo wa viazi na mahindi, na kuku, kwanza. Chupa ilipokuwa inatulia, nilitoa ile picha. Niliwaonyesha changarawe kati ya mistari ya mizabibu: maji hayatuami hapo, kwa hiyo mizizi huzama mbali kuyatafuta. Mizabibu mikongwe huzaa kidogo, lakini zabibu zake zina nguvu. Huchumwa kwa mkono, kama Mama alivyochuma kahawa kwa baba yake, na mvinyo hukaa kwanza kwenye mapipa ya mwaloni kabla ya kutiwa chupani. Huenda aliyeipanda mizabibu ile alijua kwamba watakaofaidi ni wajukuu. Namheshimu mkulima wa namna hiyo.

"Na sisi tutakunywa ya wajukuu," mama mkubwa alisema. Sauti yake ilikuwa imepoa.

Saa kumi nilizibua. Kizibo kilikuwa laini, lakini kilitoka kizima. Nilimimina polepole sana kwenye jagi, kupitia kitambaa cheupe nilichokuwa nimekisuuza kwa maji moto. Tulipoteza kiasi cha glasi moja. Uliobaki ulikuwa safi, rangi ya matofali ya kuchoma, ukinukia plamu zilizokauka na penseli iliyochongwa sasa hivi.

Nikamwambia Mama aketi. Nilimmiminia yeye kwanza, nikiwa nimesimama upande wake wa kulia, kama alivyowamiminia wageni.

Akanywa funda moja.

"Haya, ni siki?" mama mkubwa aliuliza. "Mbona husemi?"

Mama aliinua kidole kumwomba angoje.