Mguu wa Kulia wa Mama

Pale ghalani walimwita Winchi, kama mashine ya kuinulia mizigo, na jina lilimfaa. Miaka ishirini na miwili alishusha magunia ya mahindi kutoka kwenye malori kwa mtindo wa makuli wote: inama, bana pumzi, nyakua, geuka. Na kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alimtoa mama yake kitandani kwa mtindo uleule, akamketisha kwenye kiti cha dirishani. Mama alikuwa amepooza upande wa kushoto, mwaka wa nne huo. Winchi hakutaka mtu mwingine amguse.

Siku mgongo ulipomshika hakuwa amebeba hata kijiko. Aliinama kufunga kamba ya kiatu, akabaki hapohapo. Makuli wenzake, ambao kwa utabibu hawajambo, walimwambia alale juu ya ubao asijitikise. Akalala wiki sita. Alipoinuka alikuwa mkavu kama ubao wenyewe, na maumivu yako palepale. Mama aliinuliwa na jirani siku jirani alipopata nafasi. Siku nyingine alishinda kitandani akitazama ukuta.

Ndipo dada yake mkubwa, aliyeishi umbali wa safari ya siku nzima, akatamka, "Mwisho wa mwezi namchukua mama. Wewe mwenyewe hujiwezi, utamweza nani?" Hakusema kwa ubaya, lakini maneno yalimchoma Winchi. Mama aliomba tu kiti chake kisiondolewe dirishani.

Hospitali walimpima Winchi, hawakuona mfupa uliovunjika, wakampeleka chumba cha fiziotherapia: mikeka, mipira, na ngazi fupi ya mbao isiyokwenda popote. Mtaalamu alikuwa binti wa umri ambao Winchi angeweza kumzaa. Akamlaza chali, magoti juu, akamwambia ainue kiuno polepole mara kumi. Mbeba magunia mia kwa siku alianza kutetemeka kwenye ya sita, na aibu ikamjaa.

"Baba, mgongo haujafa," binti alisema. "Kulala sana ndiko kulikoulegeza. Tembea kila siku."

"Ukiuma?"

"Punguza, usiache."

Hakuacha. Wiki ya tatu aliweza kuinama akaokota kiatu, akamweleza binti habari ya dada na mwisho wa mwezi.

"Nioneshe unavyombeba mama."

Winchi alikumbatia mto mkubwa, akabana pumzi, akanyakua, akageuka.

"Na mama anafanya nini wakati huo?"

"Mama? Anabebwa."

"Mguu wa kulia hauna nguvu?"

"Unazo. Blanketi analipiga teke mpaka chini."

"Umewahi kumwomba asukume?"

Winchi aliuweka mto chini. Mtu anamwambiaje mama yake afanye kazi? Miaka yote hiyo alidhani heshima ni kumbeba mzimamzima. Binti akamfundisha upya, hatua kwa hatua: mama aketi ukingoni, nyayo sakafuni, yeye akunje magoti, amkaribie, asibane pumzi, ageuke kwa miguu na si kwa kiuno.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi dada alifika mapema kwa basi la usiku, akapanga nguo za mama kwenye begi. Winchi alimketisha mama ukingoni mwa kitanda, nyayo sakafuni, akakunja magoti mbele yake. Mgongo ulikuwa bado unauma kidogo.

"Mama, naomba unisaidie. Nikisema tatu, sukuma kwa mguu wa kulia."

"Miaka minne nangoja uniambie," mama alisema. "Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu, lakini ulikuwa unajivunia nguvu zako. Niliogopa kukuvunja moyo."

Moja. Mbili. Kwenye tatu mama alisukuma, na Winchi alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Mama akasimama, kichwa chake kifuani mwa mwanawe, mguu wa kulia ukiwa umekaza sakafuni. Dada alikuwa mlangoni na begi mkononi. Akaliweka chini.

Winchi akaanza kugeuka kuelekea kiti cha dirishani.

"Bado," mama akasema. "Usiniketishe kwanza."