Asubuhi Nilipojaribu Pembe ya Chumba Namba Saba

Siku yangu ya kwanza kazini nilitandika kitanda kimoja mara kumi na moja. Ilikuwa nyumba ya wageni pale Same mjini, vyumba vinane na bomba moja uani, nami nilikuwa binti niliyeshuka mlimani na basi la asubuhi nikiwa na hakika kwamba kutandika najua. Matroni, yaani mama aliyesimamia vyumba vyote, alisubiri nimalize, akavuta shuka lote chini, akasema, "Tena." Mara ya kumi na moja hakuvuta. Alivua viatu, akapanda kitandani, akalala chali na mikono kifuani kama marehemu.

"Lala na wewe hapa kando," akaniambia. Nikalala. "Unaona nini?"

"Dari, mama."

"Na kwenye dari?"

"Utando wa buibui."

"Basi mgeni angeuona kabla yako. Chumba hakikaguliwi kwa macho, mwanangu. Kinakaguliwa kwa mgongo."

Maneno hayo nimekula nayo ugali maisha yangu yote ya kazi. Ninyi mnaosomea hoteli siku hizi mna fomu kwenye simu, mnapiga picha, mnabonyeza alama ya vema, mnaondoka. Mimi nilifundishwa kukaa chooni na kunyoosha mkono nione kama karatasi inafikiwa bila bega kuteguka. Nilifundishwa kuoga kwenye bafu ninalolikagua, kutafuta swichi ya taa nikiwa nimefumba macho, na kula kipande cha mkate kitandani ili nijue makombo yanaingia wapi. Wenzangu walinicheka. Lakini wageni wangu hawakuwa na la kulalamika, na mtu asiyelalamika hurudi.

Kutoka Same nilihamia kambi ya wageni huko tambarare, upande wa Mkomazi, vyumba vyenyewe mahema. Mkuu wa Kambi alikuwa askari mstaafu aliyeamini kwamba vumbi ni adui na adui hapewi nafasi ya kulala. Alitufundisha kukung'uta viatu vya wageni kila jioni kwa ajili ya nge. "Nge mmoja kwenye kiatu," alikuwa akisema, "anafuta sifa za jiko zima." Jua la kule lilinibabua, lakini nilitoka na cheo cha msimamizi msaidizi.

Kituo changu cha mwisho ndicho ninachotaka kuwasimulia. Kilikuwa hoteli ya mapumziko huku kwetu mlimani, mwendo mfupi kutoka Myamba, kwenye mteremko juu kidogo ya kitongoji nilichozaliwa. Ilikuwa hoteli ya mada, yaani kila kitu ndani yake, kuanzia mapazia mpaka sahani, kinasimulia jambo moja. Mwanzoni jambo lenyewe lilikuwa Ulaya. Vyumba vilikuwa na picha za theluji na sehemu ya kuotea moto isiyowaka. Wageni wakatoka Ulaya kweli, wakaangalia ile theluji ukutani, wakauliza Wapare wako wapi.

Basi mwenye hoteli akaamua vyumba kumi na viwili vifumuliwe na kusukwa upya, mada iwe maisha ya Upareni. Akaletwa mbunifu kutoka Dar es Salaam, binti mchangamfu mwenye kucha ndefu na daftari lisilotoka mkononi. Mimi wakati huo nilikuwa Msimamizi Mkuu wa Vyumba. Hakuna chumba kilichopokelewa kutoka kwa mafundi bila saini yangu, na nilikuwa nimebakiza kama mwaka mmoja nistaafu. Kiwanja alichoniachia baba nilikuwa nimeshaanza kukijenga, pale pale chini kitongojini. Nilitaka nimalize kazi kwa heshima, nishuke ule mteremko, nikaishi na watu wetu. Hilo tu ndilo nililokuwa naliomba kwa Mungu.

Kusema kweli yule binti aliweza. Alipanga mawe ukutani kama kuta za mashamba yetu ya ngazi, akaweka mikeka, vibuyu, na blanketi nzito, maana baridi ya huku haimjui mgeni wala mwenyeji. Nilipoingia chumba namba saba, chumba cha mfano ambacho vingine vyote vingefuata, nilifurahi mpaka nikasahau kununa, na mkaguzi asiyenuna si mkaguzi. Nikapata dosari mbili. Ya kwanza, bomba la mvua bafuni lilikuwa linatoa matone tu badala ya maji, na fundi bomba alikuwa amefungua kila kitu asione sababu. Ya pili sikujua kama ni dosari. Kando ya kitanda, badala ya simu ya kuitia mhudumu, palitundikwa pembe.

"Mgeni akitaka chai anaipuliza, jikoni wanasikia," mbunifu akanieleza. "Ni ya ng'ombe, mama, usiogope. Ya tandala ingetupeleka polisi."

"Umeijaribu?"

"Mara nyingi tu! Ila mimi inanitolea sauti kama ya tumbo."

Wageni wa kwanza wa chumba hicho walikuwa waingie Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Meneja Mkuu, kijana mstaarabu aliyepiga pasi mpaka soksi, alinifuata na fomu mkononi. "Mama, weka saini tu. Umekiona, kizuri." Nikamjibu kwamba nimekiona, lakini sijakilalia. Nikalala humo.

Alfajiri nikaanza kazi. Nikakaa, nikanyoosha mikono, nikatafuta swichi, nikasimama chini ya yale matone hadi nikatetemeka. Ikabaki pembe. Mpishi nilimwagiza asimame mlangoni pa jiko na kuniambia kama mgeni anasikika. Nikafungua dirisha, nikapuliza. Mate matupu. Nikapuliza tena, ikatoka ile sauti ya tumbo. Hapo nikaudhika, nikaishika vizuri.

Sasa niwaambie jambo. Baba yangu ndiye aliyekuwa mpiga mbiu wa kitongoji chetu. Huku kwetu kuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Mbiu ikilia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, bila kuuliza ni kazi ya nani. Nilipokuwa mtoto nikichunga mbuzi nilikuwa nikiiba pembe ya baba na kuiga mlio wake. Ni mlio huo mmoja tu ninaoujua. Kwa hiyo midomo ilipokaa sawasawa, pembe haikuita chai. Ilitoa mlio wa baba, mrefu, mrefu, mfupi, ukashuka bondeni, ukagonga mlima wa pili na kurudi.

Mpishi akapaza sauti kutoka jikoni, "Umesikika, mama!" Nikaandika kwenye fomu: inasikika.

Ndugu zangu, ilisikika. Nilikuwa bado nakunja blanketi nilipoona mstari wa watu unapanda mteremko. Wanaume wenye majembe, akina mama wenye sururu na mabeseni, kijana mmoja na bodaboda yake akiwa amefunga sepetu nyuma. Katika dunia hii ya simu nilidhani pembe imekufa. Kumbe ilikuwa imenyamaza tu. Mbunifu alipuliza wiki nzima asiamke hata kuku, mpaka alipokuja mwenyeji kuharibu.

Mbele alikuwa Mzee Elinaja, mwenyekiti wa kitongoji, rika la baba yangu, amejitanda blanketi begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Naelijwa. Nimeamka nikidhani baba yako amerudi." Akatazama huku na huku. "Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Kazi iko wapi?"

Anayepiga mbiu pasipo kazi, kwetu, amewadanganya watu wote kwa mara moja. Siku yake ya msiba, au ya kuezeka, atapuliza mpaka mashavu yapasuke na hatatoka mtu. Nikaona kile kiwanja changu, na mimi mle ndani peke yangu na ukimya wa majirani. Uongo ulinijia mdomoni, wa kuaminika kabisa, nikaumeza.

"Mzee, hakuna kazi. Nilikuwa nakagua chumba. Nilikuwa naijaribu."

"Unaijaribu," akasema polepole.

Baadhi walicheka. Mama mmoja hakucheka, alikuwa ameacha ng'ombe hajakamuliwa. "Yaani mimi nimeitwa kuleta chai?" akauliza.

"Pembe haijaribiwi," Mzee Elinaja akasema. "Sisi tumeshashika majembe, na jembe lililoamshwa halirudi kavu. Nakuuliza mara ya pili. Kazi iko wapi?"

Ndipo yale matone ya bafuni yakanirudia kichwani. Maji ya hoteli yalitoka kwenye ndiva, lile bwawa la mawe na udongo walilojenga mababu kukusanya maji ya kijito usiku, yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani. Bomba la pampu yetu lilichomekwa humo tangu hoteli ifunguliwe. Na tangu siku hiyo hatukupeleka hata mtu mmoja kwenye msaragambo. Fundi bomba alikuwa amechungulia kila mahali isipokuwa huko.

"Ndiva ina tope kiasi gani?" nikauliza.

"Mpaka kiunoni," akajibu kijana wa bodaboda. "Nyanya zangu zinakufa. Tumepanga kuizoa kila mwezi, watu hawatimii."

"Basi leo wametimia," nikasema. "Kazi ni ndiva. Na hoteli inashuka na majembe."

Nikaenda kumgongea Meneja Mkuu. Alitoka na mswaki mdomoni. "Mama, kesho wageni wanaingia! Mimi nikachimbe tope?"

"Bwana Meneja, bafu la namba saba halina maji, na maji yake yako chini ya tope lile. Usiposhuka, fomu siisaini. Na nisiposaini, hao wageni utawaogesha wewe kwa ndoo."

Akanitazama. Akaona sitanii. Alikwenda kuazima mabuti ya mtunza bustani.

Sijapata kuona asubuhi kama ile. Wahudumu wa vyumba, wapishi, mlinzi wa getini, wote ndani ya tope. Mbunifu alipoteza kucha mbili akapiga kelele kila moja ilipokatika, kisha akaacha kuhesabu. Meneja alianguka mara ya kwanza akaona aibu, mara ya pili akacheka, mara ya tatu hakujisumbua kuinuka haraka. Mchana jikoni wakashusha sufuria ya makande na chai ya tangawizi, tukala tumekaa kwenye ukingo, haijulikani nani wa hoteli na nani wa kitongoji. Nilipopanda na kufungua bomba la namba saba, maji yalinipiga usoni na nguo zangu zote. Nilicheka peke yangu bafuni kama mwendawazimu.

Pembe zote kumi na mbili alizonunua mbunifu nilizikataa. Meneja akapendekeza kengele za ng'ombe. Nikamwambia wafugaji wa tambarare watapanda huku kuulizia mifugo yao. Tukaweka simu za kawaida, nikasaini, na Jumamosi wageni wakaingia.

Ile ya namba saba nilimpelekea Mzee Elinaja kwa mikono miwili. Aliipokea, akaigeuzageuza, lakini uso haukulainika.

"Maji ni ya wote, kwa hiyo ya leo tumeyasamehe," akasema. "Ila mlio ule ni wa baba yako, nawe umeutumia kujaribia chumba cha wageni. Siku utakapotuita kwa shida yako mwenyewe, usishangae watu wakibaki kitandani."

Niliumia, na niliumia zaidi kwa sababu alisema kweli.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Hoteli walinipa keki, blanketi, na cheti chenye jina langu limeandikwa vizuri. Tangu siku ile ya tope walikuwa wakipeleka watu sita kila msaragambo, na Meneja mwenyewe hakukosa. Kama kuna jambo ninalojivunia kuliko vitanda vyote nilivyotandika, ni hilo. Ninyi mnaoanza, lalieni vyumba vyenu, ogeni humo, kisha mfuate maji mpaka mjue yanatoka kwa nani.

Masika yaliyopita, ukuta wa mawe unaoshikilia kiwanja changu ulibomoka usiku mmoja na kuondoka na nusu ya jiko. Sikumwambia mtu. Ningemwita nani, na kwa mdomo upi? Nikaanza kupanga mawe mwenyewe, matatu asubuhi, mawili jioni, na mgongo huu uliokagua vyumba vya watu sasa ukinikagua mimi.

Alfajiri moja nikasikia mbiu. Mrefu, mrefu, mfupi. Niliacha chai mezani, nikachukua jembe langu kama mtu mwingine yeyote, nikatoka. Nilitaka niwahi, nisionekane wa mwisho. Lakini watu hawakuwa wakishuka kwenda kwenye ndiva. Walikuwa wanapanda njia yangu. Yule mama wa ng'ombe, kijana wa bodaboda, Meneja Mkuu na mabuti yake mwenyewe safari hii. Mbele yao Mzee Elinaja, na mkononi ile pembe ya chumba namba saba.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Kazi iko wapi leo?"

"Marahaba," akajibu, akinipita kuelekea kwenye mawe. "Kazi iko kwako. Ukimaliza kulia, njoo utuonyeshe ukuta ulikuwa unapita wapi."