Ndizi Gani, Madam?

Mtori wa kwanza niliopika maishani mwangu ulikataliwa na mbwa. Sitii chumvi. Nilimmwagia mbwa wa mwenye nyumba wangu pale Soweto, mjini Moshi, akanusa, akaniangalia kwa masikitiko, akaenda zake kulala. Mimi ni mtoto wa Mabogini, nimekulia kwenye majaruba ya mpunga. Niulize habari za mchele, nitakutajia mpaka ukoo wake. Ndizi nilizijua za kula tu. Basi mama mmoja sokoni aliponihakikishia kwamba zake ni mshare, ndizi zenyewe za mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, nilimwamini, nikapika, nikaishia na uji mweusi unaong'ang'ania mwiko.

Naanza na mtori kwa sababu ndio ulionifanya mwalimu. Cheti nilikuwa nacho, na nilikuwa nimeshafundisha Kiingereza miaka minne kwenye shule ya kata huku Old Moshi, nikipanda kila asubuhi kutoka mjini kwa bodaboda na sweta mkononi. Lakini nikisema kweli, muda wote huo nilikuwa naongea peke yangu mbele ya watu hamsini na wawili.

Watoto wetu wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nyumbani wanaongea Kichaga na bibi zao, halafu siku moja ya Januari wanavaa sketi na suruali mpya na kuambiwa kuanzia leo biolojia ni kwa Kiingereza, jiografia ni kwa Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni ni kwa Kiingereza. Shule ilikuwa na dawa yake: kibao cha mbao chenye kamba. Ukikamatwa unaongea Kiswahili, unavishwa shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako. Nami nilikivisha watu, sikatai. Nilidhani nawasaidia.

Kidato cha pili kulikuwa na binti mmoja ambaye hakuwahi kuvishwa kibao hata siku moja. Alikuwa amegundua njia rahisi kuliko zote: kutosema kabisa. Alifika, alikaa dawati la pili kutoka dirishani, alinakili ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza, aliondoka. Ukimuuliza swali alisimama akatazama viatu vyake mpaka uchoke wewe. Alikuwa anarudia darasa. Mwaka uliotangulia alifeli mtihani wa taifa wa kidato cha pili, na utaratibu ulikuwa unajulikana: ukifeli mara ya pili, shule basi. Wenzake walimwita Bubu, na sisi walimu, Mungu atusamehe, tulilisikia jina hilo tukanyamaza.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka kwenye semina na mchezo mpya. Unachukua kadi yenye neno, unaeleza kitu hicho kwa Kiingereza bila kulitaja neno lenyewe, wenzako wanakisia. Niliuita Bila Kulitaja. Kadi nilizopewa zilikuwa nzuri, ngumu, zenye rangi. Moja ilisema mnara wa kuongozea meli. Nyingine ngome ya mfalme. Nyingine treni ya chini ya ardhi. Nikawapa watoto ambao asubuhi hiyohiyo walikuwa wamekata majani ya ng'ombe kabla ya kuja shule. Wakazitazama kadi, wakanitazama mimi. Nikangoja. Nina hasira za karibu, mama yangu ananijua, na dakika ya kumi ya kimya kile zilinipanda.

Nikazitupa kadi kwenye droo. Badala ya kuwagombeza nikakaa juu ya meza, nikaanza kuwasimulia, kwa Kiingereza chepesi, yaliyonipata jana yake. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kusikia sauti ya mtu, hata kama ni yangu. Nikaeleza ndizi, nikaeleza nyama, nikaeleza rangi ya ule uji. Nilipofika kwa mbwa darasa likaangua kicheko, nami nikajua kumbe walikuwa wananielewa siku zote.

Ndipo kiti kikakwaruza sakafu pale karibu na dirisha. Binti alikuwa amesimama, uso umekunjamana, si kwa woga, kwa kukereka.

“Which banana, Madam?”

Ndizi gani. Maneno mawili na cheo changu. Darasa zima liligeuka. Nikasema mshare. Akatikisa kichwa. Akaniuliza kama zilikuwa nene au nyembamba. Nene, nikasema. Akauliza nilipozimenya mikono yangu ilikuwaje. Nikamwambia ilijaa utomvu mpaka leo haujatoka. Akashusha pumzi, akasema kwa Kiingereza kilichovunjika katikati lakini kikasimama: mama huyo alikudanganya.

Kisha akaja mbele bila kuitwa. Akachukua chaki mkononi mwangu, akachora ndizi mbili, moja nyembamba, nyingine yenye tumbo, akaanza kunifundisha. Nyama ichemke kwanza. Ndizi zifuate. Usikoroge mpaka ziive. Na zikiwa ndizo zenyewe utajua mapema, akasema, “you hear the smell.” Hapo wajuaji wa dawati la mbele wakacheka, maana kwa Kiingereza harufu haisikiwi, na hilo lilikuwa kosa la mtihani wa mwezi uliopita. Binti akakatika katikati ya sentensi.

Nilipiga meza kwa kiganja mpaka kikaniuma.

“Asiyejua ndizi humu ndani ni mimi,” nikasema, tena kwa Kiswahili, kibao na kije kama kinakuja. “Anayenifundisha asikatizwe.”

Akamaliza. Jioni ile nilinunua ndizi kwa maelekezo yake, nikapika, nikala sahani mbili, na mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kama kuna mgeni.

Nimefikiria sana siku ile. Mwalimu ndiye mtu pekee anayeuliza maswali ambayo majibu yake anayo. Ananyanyua kalamu, anauliza hii ni nini. Mtoto si mjinga, anaona kwamba huo ni mtego, anafunga mdomo. Mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeuliza kitu nisichokijua, na aliyekijua alishindwa kukaa nacho.

Basi nikaukata mchezo upya. Tulichana kalenda kuukuu, kila mwanafunzi akaandika upande mweupe kitu cha kwao: mashine ya kukobolea kahawa, mfereji, banda, kwaya ya Jumapili, harusi, chakula cha kiburu cha ndizi na maharage. Vingine havina jina la Kiingereza, na hapo ndipo utamu ulipokuwa, kwa sababu kisicho na jina lazima ukieleze. Nilipokuwa sielewi nilisema sielewi, na mara nyingi haikuwa maigizo. Baada ya mazungumzo tuliandika maneno yao ubaoni, tukayasahihisha pamoja, tukayanakili kwenye vipande vya karatasi, tukavichanganya, makundi yakashindana kuvipanga na kuvisoma. Watoto waliosema kitabu cha kiada hakisomeki walikuwa wanagombania kusoma habari za ng'ombe wa jirani yao. Mkuu wa shule alichungulia akasema, “Mwalimu, darasa lako limekuwa gulio.” Nikamjibu, “Ndiyo mkuu, ila sikiliza wanauziana kwa lugha gani.” Akasimama pale mlangoni kidogo. Kibao hakikuingia tena darasani kwangu, na sikumbuki kama kuna aliyekiulizia.

Binti yule aliandika mistari mitatu wiki ya kwanza. Kufika Agosti alikuwa anajaza ukurasa na kugeuza. Makosa yalikuwepo, tele. Lakini mtu asiyeandika huna cha kumsahihisha.

Septemba baba yake akaja shuleni na barua.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Alikuwa mtu mzima, mkimya, bega moja limeshuka kuliko jingine. Barua ilikuwa ya kuomba kumtoa mtoto shule. Alikuwa amempatia nafasi kwa fundi cherehani mjini.

“Mtihani si mwezi wa kumi na moja?” nikamwuliza. “Baba, mkungu haukatwi kabla haujakomaa.”

“Huu umekaa mgombani miaka miwili, mwalimu,” akasema.

Hakuwa mkali. Alinieleza polepole. Yeye ni mpagazi, mgumu kama wanavyoitana wenyewe, amebeba mizigo ya watalii mlimani tangu ujana. Wenzake aliopanda nao wamekuwa waongozaji. Yeye alijaribu mara mbili, na mara zote mbili Kiingereza cha kwenye karatasi kilimshinda. “Sisi kwetu hatuna kichwa cha hiyo lugha. Bora aondoke kwa miguu yake, kuliko aje aondolewe kama nilivyoondolewa mimi.”

Ningeweza kumtolea hotuba. Nilimwomba kitu kimoja: kabla barua haijafika kwa mkuu, aingie akae nyuma ya darasa kipindi kimoja. Akatazama viatu vyake, nikaona binti alikotoa ile tabia. Akakubali.

Alikaa dawati la mwisho, magoti hayaingii, kofia mkononi. Binti alipomwona alibadilika rangi. Nikaogopa. Nikajiambia nimemponza mtoto wa watu. Akirudi kuwa bubu leo, basi leo ndiyo mwisho. Lakini zamu ilikuwa ya kundi lake na wenzake walikuwa wameshamsukuma mbele. Akachota kadi kwenye kopo, akaisoma, akanyamaza muda mrefu hata nikaanza kutafuta namna ya kumrudisha kitini.

Kisha akasema. Alisema kwa Kiingereza, mimi naweka hapa kwa Kiswahili.

“Huyu ni mtu. Kambini anaondoka wa mwisho, na kambi inayofuata anafika wa kwanza. Anabeba hema ambalo halali ndani yake. Anabeba meza ambayo hali juu yake. Mgeni akifika, anakuta maji ya kunawa yana moto. Mgeni anapiga picha. Huyu hayumo kwenye picha.” Akavuta pumzi. “Akirudi nyumbani hasimulii habari za mlima. Anauliza ng'ombe wamekula nini.”

Kwa kawaida mtu akieleza vizuri namna ile darasa hulipuka kwa majibu. Siku ile hakuna aliyepayuka. Nusu ya darasa walikuwa na mtu wa aina hiyo nyumbani, na wote walijua nani amekaa nyuma.

“Porter,” ikasema sauti nzito kutoka dawati la mwisho.

Nilitaka kuacha pale pale, nifute ubao, nitoke nje kidogo. Watoto hawakuniruhusu. Mchezo una sheria zake: anayekisia ndiye anayekuja mbele kuchota. “Aje! Aje, Madam! Sheria ni sheria!” Mzee akasimama, akapita katikati ya madawati kofia ingali mkononi, akachota. Akaisoma kadi kwa shida, midomo ikitembea. Kisha akatumia Kiingereza chake cha mlimani, kile cha kambini na jikoni: asubuhi maziwa, jioni maziwa, majani, majani, majani, yameisha, tatizo! Darasa likapiga kelele ng'ombe mpaka mkuu akatoka ofisini. Mzee alicheka. Binti yake alicheka kwa kuziba mdomo, na mimi nilicheka nikiwa nimegeukia ubao.

Nje alikunja ile barua mara mbili akaitia mfukoni.

“Lile neno nalijua siku nyingi, mwalimu,” akaniambia. “Sikujua kama mtoto anaijua kazi yenyewe.”

Akashuka njia ya mgombani kuelekea kwake. Kuanzia siku hiyo, binti alinihadithia baadaye, majani ya ng'ombe jioni aliyakata baba, kila aliposhuka mlimani, na yeye alifukuzwa akasome.

Kuanzia Septemba mpaka mtihani tulifanya kazi kama watu wanaookoa mpunga kabla mvua haijanyesha. Nilibaki nao baada ya vipindi. Tulicheza, tukabishana, tukaandika tuliyobishania. Siku ya mtihani wa Kiingereza niliwasindikiza mpaka mlango wa chumba, nikamwona anakaa, nikaenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi. Nimefanya mitihani mingi mwenyewe. Hakuna niliouogopa kama ule.

Matokeo yalipotoka Januari nilikuwa kwa wazazi wangu Mabogini, nimesimama kwenye tope la jaruba, simu nimeifunga kiunoni kwenye kanga. Ikaita. Namba ilikuwa ya mzee. Nikahofia mabaya, maana mzee hakuwahi kunipigia.

Hakuwa yeye. Alikuwa binti, na hakusema shikamoo wala hujambo. Alianza kwa Kiingereza na akaenda nacho bila kituo: kwamba amepata C ya Kiingereza, kwamba anapanda kidato cha tatu, kwamba baba yake amekaa hapo pembeni na amemwambia asome matokeo mara nne, kwamba mama yake anapika mtori na ndizi ni mshare, amezikagua mwenyewe, na nije Jumapili. Alikosea vitenzi vya wakati uliopita mara mbili. Nilisikia makosa yote mawili na sikutaka kuyagusa, kwa sababu nilikuwa naona fahari, fahari ya waziwazi isiyo na unyenyekevu wowote, na yeyote anayetaka kunicheka na anicheke.

Akanyamaza, akingoja nami niseme. Aliniita mara mbili, Madam, Madam, akidhani simu imekatika. Nilifungua mdomo nimjibu kama mwalimu wa Kiingereza anavyopaswa kujibu, na neno halikuja, hata moja. Ikabidi nimjibu kwa Kiswahili.